Bi Tanzia na Chanzo cha Pili

Kwa miaka kumi na tisa alisoma matangazo ya vifo kwenye redio ya jamii, kila siku saa saba kasorobo mchana. Watu walimwita Bi Tanzia. Akipiga hodi kwa jirani kuomba chumvi, jirani aliuliza kwanza, "Ni nani tena?" ndipo akaitikia salamu. Mumewe, fundi bomba, alisema faida ya kumuoa ni kwamba wageni hawakai sana.

Redio ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la ndoo na mabeseni. Mwaka huo chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilishirikiana na chuo kikuu cha nchini kuwafundisha watangazaji wa jamii uandishi wa habari, wakaletwa wahadhiri wawili kwa siku kumi. Mmoja alikuwa mgeni mrefu aliyejifunza Kiswahili darasani, akikisema kama nguo iliyopigwa pasi. Mwenzake alikuwa dada wa hapahapa, mpole, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumweleza mgeni kwa nini watu wamecheka.

Siku ya pili walifundisha kwamba habari haitangazwi mpaka ithibitishwe na vyanzo viwili.

"Na wewe, mama," mgeni alimuuliza Bi Tanzia, "huthibitisha kifo kwa njia gani?"

"Namwangalia aliyeleta karatasi."

"Unaangalia nini?"

"Kama amelia."

Mgeni aliliandika jibu hilo daftarini, akalipigia mstari. Ule mstari Bi Tanzia alikwenda nao mpaka kitandani.

Kesho yake alikuja mwanamume wa makamo, macho mekundu, na karatasi mkononi. Mjomba wake, fundi saa wa karibu na posta, amefariki jana usiku.

"Pole sana, baba. Nani mwingine anajua?"

"Ukoo mzima unajua."

"Nitajie mmoja."

"Mama, mimi nimefiwa, nawe unanidai mashahidi?"

Bi Tanzia alimwomba radhi, kisha akampigia fundi viatu, ambaye kibanda chake kimepakana na duka la fundi saa.

"Yuko hapa, anakunywa chai," fundi viatu alisema.

"Hebu mpe simu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nina karatasi hapa inasema umefariki jana usiku."

"Ameandika nani?"

"Mpwa wako. Yuko mbele yangu."

"Amelia?"

"Amelia."

"Ana moyo huyo mtoto. Mazishi wamepanga saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi nina mteja."

Kisa chote kilikuwa ndani ya simu ya mpwa. Usiku ule mzee aligombana na ndugu zake kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akajitoa. Mama mdogo wa mpwa akamwandikia mpwa, ambaye hakuwamo kundini: "Mjomba ametutoka." Mpwa hakuuliza ametoka wapi. Alilia, akawapigia ndugu wengine wasiokuwamo kundini, na asubuhi viti mia moja vilikuwa vimeshapangwa uani kwake.

Wahadhiri walimwagiza Bi Tanzia atengeneze kipindi cha dakika nane juu ya jambo hilo. Alimhoji mzee, fundi viatu, na huyo mama mdogo, ambaye alishikilia kuwa hakukosea neno hata moja. Alipata sitini na moja kwa mia, kwa sababu hakumpa mpwa nafasi ya kujibu. Akaenda kwake, akamkuta anapakia viti garini.

"Sema nampenda mjomba wangu," mpwa alisema. "Mengine yote uliyosema ni kweli."

Wahadhiri waliondoka, kanuni ikabaki. Wafiwa walinung'unika, lakini walizoea kutoa namba ya simu ya mtu wa pili.

Miezi mitatu baadaye alikuja mama aliyefiwa na mumewe. Studio ilikuwa na kiti kimoja, kwa hiyo alisimama. Alitoa namba ya shemeji yake anayefanya kazi mji wa mbali. Bi Tanzia akapiga.

"Baba, napiga kutoka redioni. Nathibitisha tu kifo cha kaka yako."

"Kifo? Kaka ninaye mmoja tu," sauti ilisema.

Bi Tanzia alimtazama yule mjane. Mjane aliangalia sakafu.

"Nilishindwa kumwambia," alisema. "Nikaona wewe ndiye unayejua kuyasema."

Bi Tanzia hakukata simu. Alimweleza yule bwana saa aliyofariki kaka yake, hospitali gani, na nani alimshika mkono, akimuuliza mjane kila alipokwama. Alisema kwa sauti ileile ya redioni, maana hakuwa na nyingine. Saa saba kasorobo ilifika ikapita. Fundi mitambo aliweka muziki, na siku hiyo matangazo hayakusomwa.

Vyuo vilipoandika kuuliza kama kanuni inatekelezeka, alijibu kwamba inatekelezeka, ila siku hizi anauliza kwanza kama anayepigiwa ameshaambiwa. Kama bado, tangazo linasubiri kesho. Tena studio inahitaji kiti cha pili. Dada mhadhiri alimjibu kwamba hoja yake imeingizwa kwenye kitabu cha mafunzo cha mwaka ujao, ukurasa wa nne. Kuhusu kiti hakusema kitu.

Kiti alikileta mumewe kutoka nyumbani, na jioni hiyo walikula kwa zamu.