Kichwa Ambacho Msusi Hakimalizi

Acheni kumsema msusi. Mnakula viazi vyake, mnakunywa juisi yake, watoto wenu wanasukwa bure kwa ajili ya kufungua shule, halafu mkifika kwenu mnaanza: ana maringo yule, wageni wanaondoka yeye kakaa tu kwenye kigoda, hata kusindikiza watu hajui. Mnaongea hivyo kwa sababu hamjui siku ile alikuwa ameshika nini.

Ni mama wa kawaida. Ana chumba cha kusukia mbele ya nyumba, kioo chenye ufa, redio inayoshika stesheni moja. Mume wake fundi bomba. Kitinda mimba wao wanamwita Chiriku, kwa sababu tangu aanze kuongea hajawahi kunyamaza. Kila likizo ndefu ikiisha, Jumapili ya mwisho, msusi huwaita kaka zake waje na wake zao na watoto. Hakuna makubwa. Huyu analeta kuku, yule tikiti maji, mwingine analeta tumbo tu. Wakubwa wanakaa uani kubishana, watoto wanakimbizana, na wale wa kike wanapita mmoja mmoja katikati ya magoti yake wasukwe mistari sita ya kurudi nyuma, kama shule inavyotaka.

Sasa, msusi hamwoni mtoto usoni. Mtoto anakaa mkekani, anampa kisogo. Yeye anawajua kwa vidole: huyu utosi umechongoka, yule nywele ngumu shingoni, huyu analia kabla hajaguswa. Na anajua vichwa vinakua. Mistari iliyotosha mwaka jana, mwaka huu inaacha njia pana katikati.

Isipokuwa kichwa kimoja.

Hicho kilikuwa kinakuja mwisho, jua likianza kulegea. Nyuma ya sikio kina kovu dogo kama mbegu ya papai. Miaka inakwenda, binamu wanaota ndevu, kichwa hicho kiko palepale. Na kila kikija kinakuja kimesukwa mkono wake mwenyewe, msuko wa mwaka uliopita, haujachakaa hata unywele, kana kwamba ameufunga asubuhi hiyo. Anaufumua, anausuka upya, mtoto anainuka, anachanganyika na wenzake, basi.

Aliwahi kumuuliza mke wa kaka yake mkubwa.

"Wifi, yule wa mwisho ni wenu?"

"Yule mwembamba? Si wa wale wengine?"

Akawauliza wale wengine.

"Sisi tulidhani wako," wakamjibu, wakacheka. "Wifi, umeanza kusahau uliozaa?"

Akacheka nao. Mtoto anakula, anacheza, hana fujo. Ungefanya nini, umfukuze mtoto mbele ya watu?

Mwaka jana Chiriku alikuwa anaanza darasa la kwanza. Sare yake ilining'inia mlangoni tangu Ijumaa, na kila mgeni alilazimishwa kuisifu. Msusi alimsuka wa kwanza kabisa. Jioni kile kichwa kikaja, kikakaa. Akafumua, akaanza upya. Alikuwa mstari wa nne mtoto alipoongea, na alikuwa hajawahi kuongea.

"Shangazi, mwaka huu siendi peke yangu."

"Unakwenda na nani, mama?"

"Chiriku. Ameshakubali. Ukimaliza tu tunaondoka."

Alisema taratibu, kama mtu anayekwambia anakwenda dukani.

Vidole vya msusi vikasimama. Uani Chiriku alikuwa amekaa kizingitini peke yake, viatu vipya vya shule miguuni. Mdomo umefungwa. Chiriku, kimya. Anamngoja mwenzake.

Kupiga kelele? Angesema nini? Kumwinua mtoto amtazame usoni? Hilo hakulitaka hata kidogo. Akashika alichokijua: hakuna mtoto wa kike anayekubali kuondoka na kichwa nusu. Akafumua mstari wa nne. Akafumua wa tatu.

"Umepinda," akasema. "Tulia nirudie."

Akarudia. Akifika wa tano anaona umepinda, anafumua. Wageni wakaanza kukusanya vyombo vyao.

"Wifi, sisi ndiyo tunatoka hivyo. Hata kuinuka?"

"Nendeni salama."

"Makubwa. Tumekuwa wageni wa kuagwa na mgongo."

"Wifi, nimesema nendeni salama." Halafu akamwita mume wake, bila kugeuza shingo. "Baba Chiriku, mchukue mtoto ndani. Mvue viatu. Usimwachie hata akilia."

Fundi bomba ni mtu wa kuuliza maswali, lakini sauti ile hakuiuliza. Akambeba Chiriku, naye kweli akalia, akapiga mateke, akanyoosha mkono kuelekea mkekani. Mlango ukafungwa.

"Maliza, shangazi," kile kichwa kikasema.

"Namaliza."

Akafumua. Akasuka. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, magari yote yameshaondoka, hadi giza lilipoingia uani na akahisi magoti yake hayabani kitu. Chanuo lilikuwa mkononi, na kwenye meno yake nywele mbili tatu ambazo si za mtu yeyote wa nyumba ile.

Asubuhi alimpeleka Chiriku shule, amemkaza mkono mpaka mtoto akalalamika. Getini Chiriku akamtazama.

"Mama, utammaliza lini yule dada?"

"Dada gani?"

"Aliyekaa hapo kwako. Amesema hana haraka."

Chiriku sasa anaingia la pili. Anaongea kama kawaida, walimu wameshamhamisha dawati mara mbili. Jumapili hii ndiyo ya kufunga likizo, na msusi amewaita tena, kwa sababu anaona afadhali kichwa kile kimkute amekaa na chanuo kuliko kimkute amelala. Kitakuja na mistari minne na upande mmoja uliofumuka, jinsi alivyokiacha.

Kwa hiyo nendeni. Kuleni, chekeni, wasukisheni watoto wenu mapema. Mkiaga asipoinuka, mwageni hivyohivyo, na kila mtu amshike mkono mtoto wake mwenyewe. Na yule aliye katikati ya magoti yake, tafadhali, asitokee mwenye roho nzuri wa kusema, "Wifi, leta nikusaidie kumalizia."