Onésime, Fundi wa Maumivu ya Wengine

Mungu anisamehe kama kalamu yangu ina siki, lakini Onésime nimemjua miaka saba na sijaona mtu anayevumilia vizuri hivyo maumivu yasiyo yake.

Alitoka Uvira, akafika Gare du Midi, stesheni ya treni ya Brussels, na sanduku moja na tai tatu. Alipopanga huko Berchem-Sainte-Agathe alipata kazi ya kulinda duka la mazulia, kazi ya kukaa. Jino lilipomuuma mwaka wa tisini na tatu alilala siku tatu, kitambaa kichwani, na mke wake Mauwa akimpoozea uji. Lakini Jumapili, baada ya misa yetu, yeye ndiye alikuwa mkubwa wa komite ya wagonjwa. Sisi watu wa Kivu hatumwachi mgonjwa peke yake. Tunakwenda kumi, kumi na wawili, na sufuria ya kuku na ya sombe, majani ya muhogo, tunazunguka kitanda, tunaimba, tunaomba. Mkubwa wa komite anasema, mgonjwa ananyamaza. Onésime alikuwa anasema, kisha anakula paja.

Mimi nilikuwa nasafisha vyumba katika hospitali ambamo Mauwa alipasuliwa mwaka wa tisini na tano, uvimbe wa kizazi. Alipozinduka, muuguzi Kaat, Mflamand mwenye mikono mikubwa na moyo wa kweli, alimwekea mkononi kitufe chenye waya. Waya ulikwenda kwenye pampu ya morfini. Ukisikia maumivu unabonyeza, pampu inakupa kidogo kwenye mshipa.

Komite ikafika. Onésime akakitazama kile kitufe kama aliyekuta chupa ya bia juu ya altare.

"Mama Héritier, hii ni nini?" Héritier ni mtoto wao wa kwanza.

"Ni dawa ya maumivu, papa."

"Ni morphine. Ni dawa ya balevi. Yesu kwa musalaba bakamupa divai ya kumulewesha, akakataa. Wewe njo utakubali?"

Akakitoa kitufe mkononi mwake, akakitundika juu kwenye chuma cha kutundikia chupa ya serumu. Sindano ya morfini nayo akaikataa kwa niaba yake, akamweleza Kaat kwa Kifaransa kwamba nyumbani kwake hawatumii dawa za walevi. Vikabaki vidonge vya parasetamoli tu, kwa tumbo lililofunguliwa toka kitovuni hadi chini. Tulikuwa watu kumi na mmoja pale, na mimi mmoja wao, tukasema amina. Hiyo nimeiungama kwa padri.

Mauwa hakulia. Hakukohoa pia, hakugeuka, hakusimama, maana kila pumzi ilimkata. Siku ya nne makohozi yalikuwa yameganda kifuani na homa imepanda, na kikohozi kilipokuja chenyewe kikalegeza mshono ndani. Mwaka mzima akatembea na ngiri, utumbo umejitokeza pale mshono ulipolegea, kitenge amekifunga mara mbili. Daktari alimwambia utumbo unaweza kunyongwa pale, akafa. Lazima apasuliwe tena. Randevu tatu za daktari Mauwa hakwenda.

"Kufa niko naogopa, Maman Rolande," aliniambia. "Lakini ile wiki naiogopa zaidi."

Onésime akawaambia watu kwamba mke wake hana imani.

Basi Bwana, ambaye hana haraka, akamtumia Onésime mawe ya nyongo, na kwake pia ilibidi tumbo lifunguliwe. Kaat alikuja kumweleza dawa za baada ya kupasuliwa. Mauwa alikaa pembeni, mimi napangusa dirisha. Kaat alimweleza bwana, lakini macho yake yalikuwa kwa mke. Njia ni tatu, akasema. Sindano ya morfini ina nguvu, lakini unamngoja muuguzi, na mara nyingi maumivu yanarudi kabla ya saa yake. Vidonge vya tramadoli au kodeini ni vya baadaye, tumbo likishaanza kupokea chakula. Vinaleta kizunguzungu, na kodeini inafunga choo. Pampu ni ya siku mbili tatu za kwanza. Inaweza kuwasha mwili na kutapisha, lakini mgonjwa anajipimia mwenyewe, na mashine inajifunga dakika kadhaa asije akazidisha.

"Ya nguvu zaidi ni gani?" Onésime akauliza.

"Si ulisema ni dawa ya walevi, monsieur?"

"Ile ilikuwa tumbo ya mwanamuke. Banamuke Mungu aliwapa nguvu ya kuzaa. Mimi ni mwanaume, donc munipe pampu."

"Mumupe," Mauwa akasema. "Ni mwanaume, tena jino moja lilimulaza siku tatu."

Asubuhi baada ya kupasuliwa niliingia na ndoo yangu. Rozari na kitufe vilikuwa katika mkono mmoja, kidole gumba juu ya kitufe.

"Maman Rolande, niitie infirmière. Hii mashine ilikufa. Nabonyeza, nabonyeza, hakuna kitu."

Kaat akaja, akatazama kioo kidogo cha pampu.

"Haijafa. Inaandika yote. Tangu jana umebonyeza mara mia na sitini na mbili. Imekupa ishirini na nane. Zingine imekukatalia."

Mauwa alikuwa ameshika sufuria ya supu. Akaiweka chini polepole.

"Mimi nilibonyeza mara mbili," akasema. "Mara ya tatu mukono ulitafuta, haukupata. Wewe ulikuwa umekitundika."

"Mama Héritier, niko mugonjwa, usianze."

"Sianzi. Namaliza."

Akamgeukia Kaat, akauliza randevu ya daktari inapatikana lini.

Alipasuliwa Novemba, na Jumapili komite ikafika. Mauwa alikuwa amesinzia, kitufe chini ya kiganja. Onésime akatutangazia kwamba ni yeye aliyemshauri mke wake achukue pampu, kisha akaingiza kidole chini ya mkono wa mke wake.

"Muniache nimusaidie kubonyeza, maskini."

Kaat, aliyekuwa anampima homa, alimdaka mkono. Akatueleza kwamba aliyelala habonyezi, na hiyo ndiyo kinga yake. Mtu mwingine akimbonyezea, mgonjwa anaweza kuacha kupumua.

Mauwa akafumbua jicho moja. "Papa Héritier, kule koridori kuko kiti. Kukaa njo kazi yako."

Akatoka na paja lake la kuku. Sisi tukaimba wimbo mmoja, mfupi. Mauwa akabonyeza mara moja, akangoja, akaukumbatia mto tumboni kama Kaat alivyomfundisha, akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, mpaka mwisho, na mshono ukashika.

Kutoka koridori tukasikia sauti yake: "Bwana asifiwe."

Siku hiyo hakuna aliyejibu amina.