Punje Zilizonichoma Kiganja

Tulipoufungua valvu mtungi ule na kuupindua juu ya shuka jeupe, ulimwaga unga wa kutu na matone mawili matatu ya maji. Mkuu wa wazamiaji aliutazama ule unga, kisha akanitazama mimi.

"Ntungi huu jana wageni walikuwa wakivutia pumzi," alisema. "Leo hazami ntu."

Nilikuwa fundi wa kompresa katika kambi ya wazamiaji kaskazini mwa Pemba. Kazi yangu ilikuwa kuibana hewa mpaka presha ya baa mia mbili na kuijaza mitungini. Kwetu ni Mtambile, ufundi nilikwenda kuusomea Unguja. Mkuu alikuwa mtu wa Mgogoni, rika la baba yangu, kwa hiyo nikimwita Mzee, naye akiniita mwanangu.

Nilipolifungua chujio, kosa nikaliona. Hewa ya kisiwani imejaa maji, na ukiibana, maji hutoka kama unavyokamua kanga iliyolowa. Mengi humwagwa mapema. Yanayobaki hunaswa na chujio, bomba nene la chuma lenye punje kavu chini na makaa juu yake. Punje hushika maji, makaa hushika harufu ya mafuta. Sasa punje zetu za silika zilikuwa zimesagika zikawa uji, na makaa yamelowa. Kumbe ndiyo maana mgeni mmoja alilalamika kwamba hewa ina ladha ya gereji.

"Tununue nyengine hizi hizi," alisema Mzee. "Hizi ndizo tulizozizoea."

"Nipe ruhusa nijaribu na nyengine, Mzee. Tukirudisha hizi, tutarudi hapa hapa."

Alikuna ndevu. "Haya. Lakini chagua wewe, na ulijuwe jawabu lako."

Tangu niajiriwe sikuwahi kuachiwa jambo kubwa namna ile. Duka moja la mashine mjini lilinipa punje za aina mbili, silika na alumina. Aina ya tatu, zeolaiti, nilisoma kwamba hukausha hewa kupita zote, na kwa bahati stoo yetu ilikuwa na kopo lake lililoachwa na fundi aliyenitangulia.

Nilipanga vikombe vitatu vya chai mezani, nikatia punje, nikadondosha maji. Silika ziliruka na kualika kama bisi kwenye sufuria, zikapasuka. Nilicheka peke yangu: ndivyo zilivyokuwa zikikatika ndani ya chujio kila tone lilipozifikia. Alumina zilipata uvuguvugu kidogo, zikabaki nzima. Zeolaiti zilikaa kimya tu, kama mawe.

Nikachagua alumina. Nikalijaza chujio, nikatia makaa mapya, nikawasha kompresa. Tulikuwa na kikaratasi cha kupimia, ambacho hubaki buluu hewa ikiwa kavu na kugeuka waridi ikiwa na maji. Tulikipitishia hewa, mimi na Mzee tumeinamia pamoja, vichwa karibu vigongane. Kikafifia, buluu ikaanza kuingia uwaridi.

"Afadhali kuliko jana," alisema.

"Haitoshi, Mzee."

Nilikaa kwenye baraza ya chumba cha mashine nimevunjika moyo. Mbona zeolaiti inayosifiwa vile haikufanya lolote kikombeni? Nikalirudia lile kopo. Kifuniko kilikuwa kimelegea, ukikigusa kinacheza. Nikasimama ghafla. Punje zile hazikuwa mbovu, zilikuwa zimeshiba! Hewa ya Pemba ilikuwa imezinywesha maji humo stoo, siku baada ya siku.

Nilimpigia mtu wa duka nikamwomba zeolaiti ya paketi iliyozibwa kiwandani. Hakuwa nayo, aliiagiza Unguja, ikaja na boti. Ilipofika sikungoja hata kikombe. Nikamimina punje chache kiganjani, nikazitia maji kidogo.

"Mama yangu!" Nilipiga ukelele nikazitupa chini. Mzee alikuja mbio akidhani mashine imeniumiza.

"Nini? Nkono?"

"Zinachoma, Mzee! Zinakunywa maji mpaka zinapata moto!"

Hakuamini. Alizitia kiganjani mwake, akadondosha maji, akaanza kuzirusha kutoka mkono huu kwenda mkono ule kama mtu aliyeokota muhogo jikoni. "Wallahi! Wallahi!" Tulicheka mpaka mpishi wa kambi akatoka kutazama.

Nililijaza chujio haraka paketi isikae wazi: alumina kidogo chini kuyapokea matone, zeolaiti katikati, makaa juu. Nikalifunga, nikaiacha mashine ipandishe presha. Tukapitisha hewa kwenye kikaratasi kipya. Buluu. Tukangoja. Buluu vilevile, iliyoiva, kama nguo iliyotoka dukani. Nilijikuta nimemshika Mzee mkono huku nikirukaruka na ushungi umenianguka mabegani.

Mitungi yote tuliisafisha, tukaikausha na kuijaza upya. Nilidhani kazi imekwisha, mpaka Mzee aliponiletea vazi la kuzamia.

"Hewa yako," alisema. "Uivute weye kwanza."

Nilikuwa nimeshafundishwa kuzama kwenye maji ya kina kifupi, lakini sikuwahi kupumua chini hewa niliyoijaza mwenyewe. Tulishuka pamoja karibu na pwani, yeye ubavuni mwangu. Nilivuta pumzi ya kwanza kwa tahadhari, nikiisikiliza kwa ulimi. Haikuwa na ladha ya mafuta wala harufu ya chuma. Ilikuwa kavu mno, koo likanikauka, na nikafurahi kwa kukauka kule. Mzee aliniuliza kwa vidole: sawa? Nikamjibu kwa mikono yote miwili, nikapoteza mizani, nikapinduka miguu juu.

Tulipoibuka alikuwa akicheka mpaka kinyago cha kuzamia kimeingia maji.

"Hewa nzuri, mwanangu," alisema. "Kuogelea ndo bado."