Alhamisi za Croydon

Watanzania wa Walthamstow, hapa London, tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kumwona mwenzetu kituoni tukanyamaza. Kwa hiyo Beatha, anayefanya kazi Croydon, alipomwona Ulimboka akishuka treni kituo cha East Croydon, Alhamisi mchana, kavaa shati la kanisani na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino, hakuhitaji maelezo. Alhamisi iliyofuata akamwona tena. Croydon kuna ofisi kubwa ya uhamiaji, na kwa watu wetu hakuna anayekwenda Croydon kutembea. Kufika Jumapili sote tulishajua kwamba Ulimboka ana matatizo ya makaratasi.

Kumbe pasipoti ya Uingereza anayo tangu mwanawe Victor akiwa ananyonya. Tatizo lake lilikuwa jingine, na sisi tulilicheka miaka mingi bila kuliita tatizo. Ulimboka ni fundi umeme wa hospitali, mcheshi, mwenyekiti wa kila kamati ya harusi, na hakuna sherehe iliyochangamka bila yeye. Glasi tulimjazia wenyewe, hasa rafiki yake Humphrey, ambaye hakusahau kujijazia na yake. Kwenye kipaimara cha binti wa Humphrey, Ulimboka alisimama kutoa nasaha, akampongeza mtoto kwa kufunga ndoa, kisha akakaa pasipo na kiti. Tulicheka mpaka machozi.

Eufrasia, mkewe, hakucheka. Walipofika nyumbani alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba Victor, nikisikia tena hiyo harufu humu ndani, nahamia Harrow kwa mwanangu. Sitakugombeza, na sitarudi."

Eufrasia si mtu wa kurudia maneno. Ulimboka akatafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe, akakipata karibu mno, kwenye ukumbi unaotazamana na duka tunakonunua dagaa na unga. Alifika hadi mlangoni, akamwona Beatha akitoka dukani na mfuko wa mihogo, akapitiliza kama mtu aliyechelewa kazini. Ndipo akachagua kikundi cha mbali, Croydon, asikojulikana. Aliruka majivu akakanyaga moto.

Huko alitegemea kuhubiriwa. Badala yake mama mmoja wa Kipunjabi, Ravinder, alimpa kikombe cha chai na biskuti, watu wakazungumza kwa zamu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Hilo peke yake lilimshangaza, maana kamati zetu za harusi anazijua. Zamu yake ilipofika alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake na wilaya yao ya Rungwe. Wakamwambia kwa upole kwamba jina moja linatosha. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ravinder akamkabidhi kazi ya kuosha vikombe, na mwenyekiti wetu akaipenda kazi hiyo kuliko uenyekiti. Nyumbani harufu ikapotea.

Sisi, wakati huo, tulikuwa tunapanga kumwokoa. Jumapili moja baada ya ibada tulivamia nyumba yake na masufuria ya pilau, tukamwombea asifukuzwe nchini, na maombi yalipokwisha Humphrey akasimama.

"Kaka Ulimboka, usione aibu," alisema. "Makaratasi hayajamsumbua nani? Alhamisi nimechukua day off kazini. Nimepata na solicitor, wakili wa mambo ya uhamiaji. Croydon tunakwenda wote, hata ndani tunaingia wote."

Ulimboka alimtazama mkewe. Angeweza kusema kesi imekwisha. Tungepiga vigelegele, tungekula, na tangu siku hiyo asingethubutu kuonekana tena kwenye treni ya Croydon. Bila Croydon angerudi kwenye chupa, alilijua hilo, na Eufrasia, aliyesimama na upawa mkononi, alilijua pia. Hakumsaidia hata kwa kope.

"Pasipoti ninayo, Humphrey," Ulimboka alisema. "Croydon naenda kwenye kikao cha watu wanaoacha pombe. Mimi ni mlevi. Alhamisi hii nakwenda, na ijayo pia. Solicitor mwambie asante."

Beatha alipata jambo la kutazama kwenye sahani yake tupu. Mimi niliona aibu, na sikuwa peke yangu, maana mikono iliyomjazia glasi ilikuwa yote mle sebuleni.

"Pilau inapoa," Eufrasia alisema. Akapakua, akaanza na mumewe, na nyama aliyomwekea ingetosha watu wawili.

Watu walipokuwa wakiaga, nilipeleka beseni la mifupa jikoni nikaishia mlangoni. Ulimboka alikuwa kwenye sinki, anaosha vyombo. Humphrey alikuwa kando yake na kitambaa, akifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

"Ile day off," Humphrey alisema, "nimeshaichukua. Hawanirudishii."

"Najua."

"Sasa mtu akitokea hapa Walthamstow, kwenda huko, anabadilishia treni wapi?"

Ulimboka hakugeuka. Alisuuza sahani nyingine, akampa.

"Kituo cha Victoria," alisema. "Lakini usihangaike. Nitakupitia nyumbani."