Lugha ya Watu Wawili

Watoto wa mtaa walimwita Redio, na hawakumsingizia. Tangu alipojua kusema hakunyamaza. Mama yake alikuwa akiwaambia majirani wamvumilie, kwani binti huyu anasema kwa niaba ya wawili. Hilo nalo lilikuwa kweli. Kaka yake, aliyemzidi miaka mitatu, aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajajua hata kutaja vitu vya nyumbani. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake.

Walikaa vyumba viwili katika nyumba ya kupanga yenye korido ndefu. Baba alikuwa fundi rangi. Akirudi jioni, ukitazama vinyweleo vya mikono yake unajua leo wamepaka ukuta wa rangi gani. Mama alifua mashuka hospitalini. Wote wawili walitoka mapema, kwa hiyo watoto walilelewa na korido, na humo koridoni wakajitengenezea lugha.

Hakuna aliyewafundisha. Mama alikuwa ngumi mbili zinazokamua nguo. Baba alikuwa kiganja kinachopanda na kushuka hewani kama brashi. Kesho ilikuwa shavu juu ya kiganja, macho yanafumbwa kisha yanafumbuliwa. Mwenye nyumba alikuwa tumbo linalotangulia mwenyewe, na ishara hiyo waliifanya hata akiwa amesimama mbele yao, naye akidhani wanamwambia wameshiba. Redio, kwa kaka yake, alikuwa vidole viwili vikigonga meno ya mbele, kwa sababu siku alipopewa jina hilo meno yenyewe hayakuwepo.

Wakitumwa dukani, kaka alionyesha na Redio akasema. Siku moja kaka alionyesha sabuni na kiberiti.

"Anataka sabuni, kiberiti, na pipi moja," Redio akamwambia mwenye duka.

Mwenye duka akamgeukia kaka. "Na pipi, siyo?"

Kaka, ambaye hakusikia lolote, akaitikia kwa kichwa kwa adabu zote. Njiani akaona shavu la mdogo wake limetuna. Akasimama katikati ya njia, akanyoosha mkono. Redio akaitema ile pipi, akaipasua kwa jiwe, akampa nusu. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya nchi: anayesemewa naye ana fungu lake.

Shule walianza pamoja, maana wazazi walimchelewesha kaka wakitumaini masikio yatafunguka. Walikaa dawati moja. Mwalimu akisema, Redio alishusha mikono chini ya dawati na kumweleza kaka kinachosemwa.

"Nyie wawili, acheni michezo! Mikono juu ya dawati!"

Wakiweka mikono juu, kaka anakuwa kiziwi mara ya pili.

Walipofika darasa la nne mwalimu mkuu alimwita baba ofisini. "Mzee, kijana wako ni mtulivu na anachora vizuri sana. Lakini hapa hatuna mwalimu wa kumfaa. Na huyu binti anasoma kwa vichwa viwili, tutawapoteza wote."

Baba alivua kofia, akaivaa tena, akasema amesikia. Jumatatu iliyofuata kaka alitoka nyumbani na ngazi begani badala ya mkoba. Redio akabaki na dawati zima. Muhula ule alikuwa wa tatu darasani, na kila mtu akampongeza. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Alikuwa hana tena wa kumweleza, basi akapata nafasi ya kusikiliza.

Alifaulu, akapelekwa shule ya bweni, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Huko ndiko alikotambua kwamba lugha yao ilikuwa na pengo. Haikuwa na neno la hamu ya mtu asiyekuwepo, kwa kuwa hawakuwahi kutengana. Likizo ya kwanza kaka alimngoja kituoni. Redio alipoteremka, kaka hakumkumbatia. Alikunjua kiganja, akachungulia ndani, akakigeuza akatazama nyuma yake, akatazama tena chini, kama mtu aliyedondosha kifungo cha shati. Redio akaelewa papo hapo. Akalia mbele ya abiria wote.

Kaka hakuweza kuandika barua, kwa hiyo alichora. Kila mtu wa nyumbani aliyepita karibu na bweni alileta kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji: ngazi, mbwa wa nyumba wanayopaka, mama amesinzia kwenye kiti na kijiko mkononi. Redio alizibandika ndani ya mlango wa kabati. Wenzake walibandika picha za waimbaji.

Ufamasia ulikuwa ndoto ya mama kabla haujawa yake. "Yule dada wa dirisha la dawa," mama alizoea kusema, "anafanya kazi amekaa. Koti lake nalifua mimi, halina doa hata moja. Siku moja nataka nifue koti nikijua ni la mwanangu." Redio alikuwa mzuri wa kemia, na ndoto ya mama haikumbana popote. Aliingia chuo, akamaliza mwaka wa kwanza vizuri, na mwaka wa pili wakapelekwa hospitali iliyo karibu na chuo kujifunza kazi kwa vitendo. Hapo akakaa, kweli, nyuma ya dirisha la dawa.

Asubuhi moja foleni ilisimama. Dirishani alikuwa mama mmoja amebeba mtoto mwenye homa, na yule mfamasia mkubwa alikuwa akirudia jambo lile lile kwa sauti inayozidi kupanda. Mama yule aligusa sikio lake, akatikisa kichwa.

"Redio!" mwenzake mmoja akaita. "Si una kaka kiziwi? Njoo huku."

Redio alikuja kwa kujiamini, kama mtu aliyeitwa kufungua mlango wa kwao. Akamwonyesha kulala na kuamka, akamwonyesha kula, akamwonyesha dawa ikishuka kooni. Mama yule alimtazama kwa makini. Kisha akajibu, na mikono yake ilikwenda upesi, safi, yenye mpangilio, vidole vikijikunja na kujikunjua kwa namna Redio hakuwahi kuona. Hakuambulia hata neno moja.

Mama yule alichukua kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: *Kabla ya kula au baada?* Redio akaandika: *Baada.* Mama yule akatabasamu, akaandika tena: *Wewe unaongea lugha ya wapi?*

Swali hilo lilimkaa Redio kichwani kutwa nzima. Lugha ya wapi? Ya korido moja. Wenyewe wawili duniani, na mmoja wao aliondoka miaka mingi iliyopita kwenda kusoma kemia.

Mama yule alikuwa fundi cherehani. Kabla hajaondoka alimwandikia mahali ambapo viziwi walikutana kila Jumamosi mchana, ukumbi mdogo nyuma ya ofisi ya posta. Redio alikwenda Jumamosi ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Alianza na watoto wadogo, kwenye herufi za vidole. Yeye, aliyeitwa Redio, alikaa saa tatu bila kutoa sauti, na hakuikumbuka sauti yake mpaka alipotoka nje. Mwisho wa muhula alifaulu mitihani ya ufamasia kama kawaida, lakini alipotazama matokeo aliona kama ya mtu mwingine.

Jumatano moja alipanda basi, akamfuata mama kazini. Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, akikunja mashuka. Mama alimpa ncha mbili za shuka bila kumsalimu.

"Umefeli?"

"Hapana, mama."

"Una mimba?"

"Mama!"

"Basi sema. Mtoto hatoki chuoni Jumatano bila balaa."

"Nataka kuacha ufamasia."

Walikuwa wamesogeleana kukutanisha ncha. Mama alibaki ameshika shuka kifuani. "Uende wapi?"

"Chuo cha ualimu kina kozi ya lugha ya alama na ukalimani. Nitaanza tena mwaka wa kwanza."

"Lugha hiyo si unaijua? Umekulia ndani yake."

"Siijui, mama. Ile yetu hakuna mwingine anayeielewa. Ni mimi na kaka tu. Na mimi tangu niende bweni ni miaka saba. Kaka anaongea na nani?"

"Anaongea na mimi," mama akasema haraka. "Namwambia njoo ule. Kaoge. Baba yako anakuita." Alikuwa akihesabu kwa vidole, na alipofika cha nne akasimama. Alikitazama kidole hicho muda mrefu. Mashine moja ikamaliza kuzungusha, ikanyamaza.

"Basi koti nitaendelea kufua la mtoto wa watu," akasema mwishowe. "Shika vizuri hiyo ncha, inaburuta."

Baba alipoambiwa hakugomba. Alisema ukuta wenye unyevu ukiupaka rangi unapendeza siku ya kukabidhi kazi tu. Afadhali mtu aukwangue mapema.

Likizo iliyofuata Redio alimpeleka kaka ukumbini. Kaka alikuwa na miaka ishirini na minne, amevaa shati lake pekee lisilo na madoa ya rangi. Siku ya kwanza alisimama ukutani, mikono mfukoni, akitazama mikono ya watu kama mtu anayetazama mvua ya mawe. Jumamosi ya pili walipofika mlango ulikuwa bado umefungwa. Ni yeye aliyemharakisha mdogo wake. Jumamosi ya tatu alikwenda peke yake.

Ilimchukua miezi minne kupata kile ambacho korido ilishindwa kumpa kwa miaka ishirini. Alikuja na vituko, na masengenyo, na maoni juu ya serikali. Nyumbani hawakuwahi kujua kwamba ana maoni. Kisha siku moja, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za ukumbi, alimgeukia Redio na kumwuliza kwa lugha mpya, polepole, ili asikosee:

"Kwa nini waliniondoa shule? Ni kwa sababu ya kile kioo?"

"Kioo gani?"

"Cha dirisha la ofisi. Nilikivunja kwa mpira. Wiki ile ile baba akaitwa. Nilitaka kuomba msamaha, lakini hatukuwa na neno la kioo."

Redio alimweleza. Mwalimu mkuu alisema nini, baba alivua kofia vipi, kwamba hakuna aliyewahi kutaja kioo chochote. Alieleza yote, pamoja na lile la vichwa viwili. Kaka alimsikiliza kwa macho mpaka mwisho. Miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba ngazi akidhani ni adhabu. Alivuta pumzi, akafuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akauliza kama wataingia ndani, chai inapoa.

Redio alimaliza kozi. Leo ni mkalimani. Asubuhi yuko hospitalini, siku nyingine mahakamani, amesimama pembeni mwa watu wasiojuana lugha, maneno ya wote yakipita mikononi mwake. Kazi anaipenda na anaifanya vizuri. Mama alipostaafu alijiandikisha darasa la wanaoanza, akakaa mstari wa mbele. Vidole vyake vimekakamaa kwa maji na sabuni, herufi nyingine zinamshinda, lakini kile kidole cha nne cha siku ile amekipita mbali.

Kaka alihamia mji mwingine. Huko kuna mafundi rangi sita, viziwi watupu, wana gari lao la kubebea ngazi. Alimwoa mpwa wa yule fundi cherehani. Kila mtu anasema Redio ndiye aliyemfungulia dunia, naye anakubali, kwa kuwa ni kweli. Kitu asichomwambia mtu ni kwamba zipo siku anatamani ingekuwa bado imefungwa kidogo. Anatamani lile dawati. Anatamani kuwa mtu mmoja tu ambaye mtu mmoja tu anamtafuta kwa macho chumba kizima. Anajua ni tamaa mbaya, na aibu inamshika kila ikimjia, lakini inamjia.

Amejaribu kuziandika zile ishara za zamani kwenye daftari. Alifika mia moja na kidogo, akakwama. Nyingine anajua zilikuwepo, ila mkono umesahau zilivyokwenda.

Mwezi uliopita alikwenda na mama kumtembelea kaka. Barazani walikuwepo mafundi wote na wake zao, mikono ikiruka, vicheko vikipasuka. Redio alifuata kila kitu, ni kazi yake, lakini utani wao ulikuwa na mizizi ya huko huko, na mara mbili alicheka wenzake wakiwa wameshamaliza. Ndipo mvua ikaanza, ghafla, ikilia kwenye bati. Zamani, mvua ikinyesha hivyo, alikuwa akimgongagonga kaka mgongoni kwa ncha za vidole, nyepesi kisha nzito, apate kuijua sauti yake, na kaka alikuwa akifumba macho na kuinama ili mgongo upate nafasi zaidi.

Alinyoosha mkono, akamgonga mgongoni.

Kaka akageuka, nyusi juu. "Unasemaje?"

"Mvua," Redio akasema kwa alama, sawasawa, kama wanavyofundishwa darasani.

"Ndiyo, naiona," kaka akajibu. Akamwonyesha mkewe kamba ya nguo uani, wakainuka wote wawili mbio. Mama naye akajikongoja nyuma yao, akiwaita kwa mikono iliyokuwa na haraka kuliko ujuzi.

Redio alibaki barazani kidogo, mkono bado uko hewani. Kisha akavua viatu, akatoka kwenda kuwasaidia kuanua.