Bomba la Shemeji na Wadudu wa Bwawani

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: wale wadudu waliuawa na dawa, au na jua tu?

Bwawa lililo chini ya nyumba ya dada yangu, huku Mpapura, hupungua kila kiangazi. Maji yakipungua, wadudu wenye mbawa huruka kwenda kutafuta maji mengine, kwa hiyo kutowaona si ushahidi. Lakini hawa niliwaona wakielea wamekufa. Nikageuka upande wa pili wa mkeka: joto nalo huua. Nimesomea viumbe wa majini, nina cheti, sina kazi, na swali la bwawa moja lilikuwa limenishinda.

Kabla ya hapo bwawa lilikuwa na pilikapilika. Juu walitembea wale wa miguu mirefu, bila kulowa, wakimvamia kila sisimizi aliyeanguka. Chini yao wengine waliogelea chali wakiwinda viluwiluwi vya mbu. Kwenye tope alijificha mmoja mwenye mkia kama mrija, ambao huutoa juu ya maji apate kupumua. Na kati ya majani kulikuwa na dume kubwa la kahawia, mgongo umejaa mayai ambayo jike lake lilimbandika kisha likaenda zake. Wote hao ni jamii ya kunguni, wenye mdomo kama sindano. Wanakula, nao wanaliwa na samaki na ndege.

Dume lile nilimwonyesha shemeji, mume wa dada. Dada alikuwa na mimba kubwa, amekaa mlangoni anamenya muhogo. Shemeji akamtazama mdudu, akamtazama mkewe.

"Huyu hana mikorosho, shemeji," akasema. "Angekuwa nayo, mayai angemwachia mama watoto."

Dada akamrushia ganda la muhogo.

Kisha ukaja msimu wa kupulizia mikorosho dawa. Shemeji na majirani hutumia bomba moja, wakipokezana, na desturi yao ni kwamba bomba halikabidhiwi chafu. Ni heshima. Kwa hiyo kila aliyemaliza aliteremka bwawani, akalisuuza vizuri, ndipo akampelekea mwenzake. Dawa ile ni ya mdudu anayefyonza machipukizi ya mikorosho, naye pia ni wa jamii ya kunguni. Dawa inayomuua yeye haiwezi kuwaacha ndugu zake wa majini. Ndivyo nilivyofikiri. Halafu nikafikiri tena kwamba labda nimejifanya mjuaji.

Wadudu walipokufa, viluwiluwi vya mbu vilizidi, maji ya pembeni yakawa kama yanachemka. Dada alikuwa ameshaumwa malaria mwanzoni mwa mimba ile, na nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka bwawani. Nilipomweleza, aliniambia nimwambie shemeji mwenyewe. Yeye akisema, itaonekana anawasema majirani.

Nilizunguka na maneno hayo kifuani. Ni korosho za shemeji zilizonisomesha. Nitaanzaje kumwambia kwamba usafi wake ndio unaoharibu maji? Na kama nimekosea? Nilichota maji kwenye glasi, nikayatazama juani, nikayamwaga, nikachota mengine, kana kwamba glasi ingeniambia.

Asubuhi moja nikiwa nafagia uwanja niliona kwamba nimekuwa nikisubiri uhakika ambao hautakuja. Kama ni jua, tutakuwa tumepoteza dumu moja la maji ya kusuuzia bomba mbali na bwawa. Kama ni dawa, kila siku ninayosubiri dada yangu anaumwa na mbu.

Alasiri shemeji akateremka na bomba mgongoni. Nilikuwa nimesimama njiani, dumu limejaa.

"Shemeji, naomba leo lioshewe juu, kwenye mikorosho. Maji haya yakiingia dawa wanakufa wanaokula mbu."

"Una hakika?"

"Sina. Nalibeba mimi."

Akasema majirani watamcheka kumtwika bomba shemeji yake msomi. Kisha akalivua, akanivisha mikanda mabegani, akaikaza.

"Haya, dume," akasema. "Beba mayai yako."

Nikapanda nalo, dumu mkononi. Nikalisuuza kati ya mikorosho, maji ya kusuuzia nikayapulizia kwenye miti ileile, mpaka dumu likaisha. Kisha nikampelekea jirani, na kabla hajalipokea nikamwambia mahali pa kuliosha kesho.