Ini la Ng'ombe wa Bi Mwanapili

Bi Mwanapili wa Kengeja alirudi kutoka dago, kambi ya wachumaji karafuu, msimu ulipokwisha. Vidole vilimvimba kwa kuchambua, shingo haigeuki, na alichokitaka ni kulala tu. Lakini hata mzigo hajautua alimwona ng'ombe wake anakwenda kujigonga kwenye mnazi. Magharibi ilikuwa inakaribia, mwanga bado upo, na mnazi ule ng'ombe aliujua tangu udogo wake.

Mumewe, Mzee Ngwali, ambaye miguu haimpeleki tena mbali, alijitetea kwamba hakumnyima chakula. Na kweli hakumnyima. Miezi yote ile, watu wako kwenye karafuu na wa kukata majani hayupo, alimlisha machicha ya nazi na maganda makavu ya muhogo. Ng'ombe akashiba, tumbo likamtuna. Tena alikuwa na mimba yake ya pili. Ndama wa kwanza alizaliwa kipofu, akatumbukia shimoni akafa, watu wakasema kijicho. Sasa Bi Mwanapili alikuwa na hofu moja tu: huyu naye asije akazaliwa hivyo.

Bwana mifugo, kijana anayeitwa Mabruki, alikuja kwa lori la abiria kutoka Chake. Alimfunua ng'ombe ukope, ndani mweupe kabisa. Akampapasa chini ya taya palipovimba, kisha akauliza hufungwa wapi akiwa halishwi nyumbani. Bi Mwanapili akamwambia ni bondeni, mpunga ukishavunwa, kama wanavyofunga watu wote, maana majani ya kule ni laini na maji yapo. Mabruki akashusha pumzi. Akaeleza kwamba mle majini mna konokono, na kwa konokono hutoka vijidudu vinavyoganda kwenye majani. Ng'ombe akivila, vinakwenda kukaa ndani ya ini na kukua kuwa minyoo.

"Jani bichi lina vitamini ya macho, Bi Mwanapili," alisema. "Ini ndilo linaloiweka akiba ya siku za shida. La huyu limetobolewa. Alipokula kijani hakuweka kitu, na alipokula machicha hakupata kitu."

"Basi dawa hukuja nayo, mwanangu?"

"Nimekuja nayo. Minyoo itakufa. Makovu ya ini hayatoki."

Kwa hiyo, akasema, haitoshi kumlisha vizuri wiki moja kisha akaachwa. Apewe kila siku, maana ghala lake halishiki. Majani mabichi ya kilimani, majani ya viazi, na sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo wavuvi wa Chokocho hupaka vyombo vyao. Sifa iwe kikombe kidogo cha kahawa, si zaidi, kwani ikizidi nayo hulidhuru ini.

Bi Mwanapili akaanza. Alfajiri kilimani na mundu, jua likipanda, kwenye konde la viazi, na kila sifa ikiisha, safari ya Chokocho kwa miguu. Nguo zake zikanuka papa hata kwenye maulidi wanawake wakamwachia nafasi. Jirani yake, Tatu, alimkuta anamnywesha ng'ombe kwa chupa.

"Shoga, ng'ombe umemfanya mtumbwi? Lini unamshusha pwani?"

"Akielea nitakuita upande."

Tatu alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mwanapili hakucheka, alikuwa anaegemea ubavu wa ng'ombe asianguke. Mzee Ngwali naye alimwona mkewe anavyokonda, akamshauri amuuze ng'ombe kwa mchinjaji wakati nyama bado ipo.

"Nimechoka, Mzee Ngwali," alisema. "Lakini sijachoka hivyo."

Ng'ombe alizaa asubuhi moja ya manyunyu. Ndama alikuwa mdogo, magoti yakimtetemeka. Bi Mwanapili alichuchumaa mbele yake, akapitisha ncha ya kanga polepole, kulia, kisha kushoto. Macho ya ndama yakaifuata. Akarudia, kwani hakuyaamini macho yake mwenyewe. Yakaifuata tena.

Mzee Ngwali, aliyekuwa mlangoni, akasema alhamdulillahi, sasa kalale, mke wangu.

Bi Mwanapili alimtazama mama mtu, amesimama anamlamba mwanawe, hajala kitu tangu jana. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua mundu, akapanda kilimani.